Dakika Moja Iliyobaki

Nchi yenyewe iko mbali, na wewe msomaji hujawahi kufika. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu akajishika kifua akidhani nimemsema yeye. Huko siku haibadiliki usiku wa manane. Inabadilika saa kumi na mbili jioni, jua linapozama, kama walivyohesabu mababu zao, na anayetangaza ni saa moja tu, ile kubwa ya ukutani iliyomo ndani ya ukumbi wa Bunge. Ikigonga, mlio wake unarushwa na redio ya taifa, na nchi nzima inajua kwamba Alhamisi imekwisha na Ijumaa imeingia. Isipogonga, basi, Ijumaa haijaingia, hata kama macho yako yanakuambia vingine.

Mtunza saa hiyo aliitwa Nassibu Lwambo, mtu mfupi, mpole, mwenye ufunguo wa shaba unaoning'inia shingoni. Aliapishwa mbele ya Spika, kwa sababu sheria ya huko inasema saa ya Bunge isiguswe na mkono mwingine wowote isipokuwa wa mtunza saa. Mkono mwingine ukigusa, kifungo. Kila baada ya siku nane alipanda ngazi ndefu hadi kwenye kibaraza kidogo kilicho chini ya saa, akaitia ufunguo, akashuka. Wabunge wengi walikuwa hawajui jina lake. Walimjua kwa visigino.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Tunu, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka kazi. Kila Jumatatu na kila Alhamisi alipelekwa hospitali kuu kusafishwa damu kwa mashine. Akishasafishwa anarudi anacheka, anaomba achari, anawasema majirani. Akikosa, inavimba miguu, halafu uso, halafu pumzi zinakuwa fupi. Basi maisha ya Nassibu yote yalikuwa siku mbili hizo, Jumatatu na Alhamisi. Nyingine alizivuka tu.

Hospitali ya huko mgonjwa huenda na kitanda chake. Usicheke. Miaka kumi na mmoja nyuma Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba kwa alasiri moja, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa harusi ya binti wa Waziri na pilau ilikuwa inapoa. Hakuna aliyeisoma. Kwenye kifungu cha tisa mwandishi mmoja mwenye usingizi aliandika kwamba kila mgonjwa atakuja na kitanda chake, na sheria ikishagongwa muhuri ni sheria. Mara mbili kwa wiki Nassibu alibeba mgongoni kitanda cha futi nne kwa sita, cha mninga, huku Tunu akitembea nyuma yake ameshika godoro kwa ncha moja. Mtu aliyebeba kitanda miaka kumi na mmoja kwa sababu ya haraka za wengine, ukimwambia kwamba safari hii wakubwa watatulia na kufikiri, atakubusu mkono.

Ndiyo maana siku ile ya Alhamisi alikuwa na furaha kuliko mbunge yeyote.

Sheria ya zamani ilikuwa inakoma jioni hiyo. Katiba ya huko ilisema kama itakoma kabla mpya haijapita, Bunge lenyewe limevunjika na waheshimiwa wote warudi majimboni kuomba kura. Muswada mpya ulikuwa na vifungu mia mbili na kumi na mbili. Saa kumi na moja u nusu jioni walikuwa wamefika kifungu cha tatu, ambacho kilikuwa kinaeleza maana ya neno "mgonjwa". Hapo akasimama Waziri wa Afya na Subira, Dakta Sombi, ambaye udaktari wake ulikuwa wa mipaka ya viwanja.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "ugonjwa ni mkongwe kuliko Bunge hili. Umekuwapo enzi za mababu, umewangoja mababu wakafa, ukatungoja na sisi. Leo utashindwaje kutungoja kidogo? Naomba tuongeze muda wa kutafakari."

Meza zilipigwa mpaka glasi zikaruka. Mbunge mmoja wa upande wa pili akapinga, akisema muda wa kutafakari kama waongeze muda wa kutafakari hautoshi, nao uongezwe. Akashangiliwa na pande zote mbili.

Spika, Mheshimiwa Galinoma, mtu mwenye sauti ya kuombea mvua, akainua kichwa kuitazama saa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika mbili.

"Waheshimiwa, tulikimbia mara moja, tukaangukia kitandani. Haraka haraka haina baraka. Mtunza saa! Panda."

Nassibu alipanda kama kijana. Akashika kile kipande cha shaba kinachobembea, akakishika kwa upole, kikatulia. Saa kumi na mbili kasoro dakika moja. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Akiwa juu ya ngazi aliwaza juu ya mgongo wake, akamshukuru Mungu.

Kesho yake ndipo ilipojulikana kwamba hakuna kesho yake.

Waraka ulisomwa redioni na Waziri mwenyewe. Ulisema kwamba kwa kuwa saa ya Bunge haijagonga, leo bado ni Alhamisi, na itaendelea kuwa Alhamisi mpaka Bunge limalize. Ulimalizia kwa maneno ya wahenga: leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Chini yake, kwa herufi ndogo, iliongezwa kwamba mwongo atashitakiwa.

Mwanzoni watu walicheka. Shuleni watoto walirudia somo la Alhamisi, wakalijua mpaka wakaanza kumsahihisha mwalimu. Ndani ya Bunge, kwa kuwa kisheria ilikuwa jioni, kantini haikuruhusiwa kutoa chochote ila chai na vitumbua, na mpishi, Bi Mwamtoro, alikaanga vitumbua hadi macho yakawa mekundu. Jua lilizama na kuchomoza, lakini hilo lilikuwa jambo la jua. Jogoo wa jirani yake Nassibu aliwika alfajiri, akachinjwa kwa uchochezi.

Siku ambayo ingekuwa Jumatatu, Nassibu alibeba kitanda kama kawaida. Miguu ya Tunu ilikuwa imeanza kujaa, viatu vimekataa, anatembea na kanga amezungushia nyayo. Mlangoni pa chumba cha mashine walimkuta Sista Edelina, muuguzi aliyemhudumia Tunu miaka yote, amekumbatia daftari lake.

"Mama Shani, karibu mama," alimwambia Tunu, lakini hakusogea mlangoni.

"Mbona umesimama hapo, Sista? Nina maji mpaka kooni mwenzio."

Sista akafungua daftari. "Limeandikwa hapa, mama. Alhamisi umesafishwa. Na leo ni Alhamisi."

"Sista," alisema Nassibu, "mtazame miguu."

"Naiona, baba. Macho yangu yanaona Jumatatu. Lakini mgonjwa haruhusiwi kusafishwa mara mbili kwa siku moja, ni hatari kwa afya yake. Ndivyo ilivyoandikwa, na mkaguzi amekaa kule ndani na kalamu yake. Aliyenitangulia zamu aliandika Ijumaa. Hajarudi nyumbani."

Tunu alicheka, kicheko kifupi kwa sababu pumzi ilikuwa fupi. "Na nani aliyeisimamisha hiyo saa, jamani? Nataka nimjue, nimpe salamu zake."

Nassibu aliinama kukaza kamba ya kitanda ambayo haikuwa imelegea. Nyumbani alikuwa amemwambia ni wakubwa walioisimamisha. Walirudi nyumbani, na njiani alipumzika mara nne, ingawa kitanda kilikuwa kilekile.

Hayakuwa yake peke yake. Wodini, aliyeandikiwa kidonge mara tatu kwa siku alikuwa amekwisha kumeza vyake vitatu, na siku haikuisha. Mama mjamzito aliyeambiwa atajifungua Jumapili alijifungua, na mtoto akaandikwa "hajafika". Na wale waliokata roho, kwa kuwa hapakuwa na tarehe ya kuwaandikia, karani aliwaandika "wanaendelea kusubiri". Ndugu zao walinyimwa kibali cha kuzika. Unamzikaje mtu anayesubiri? Wakawekwa kwenye chumba cha baridi, kilipojaa wakawekwa kwenye korido, na harufu ilipofika barabarani, Wizara ya Afya na Subira iliagiza madirisha yafungwe.

Jua lilipokuwa limezama mara nane, ingawa kisheria halikuwa limezama hata mara moja, Waziri Sombi alilitolea Bunge taarifa. Nassibu alikuwa chini ya saa yake, amesimama wima kama inavyotakiwa.

"Mheshimiwa Spika, najivunia kulieleza Bunge lako tukufu kwamba tangu tuanze kutafakari, nchi nzima hajafa mtu hata mmoja." Akanywa maji ili meza zipate nafasi ya kupigwa. "Hata mmoja! Miaka kumi na mmoja tulihangaika na dawa, na madaktari, na mashine. Kumbe tiba tulikuwa nayo. Tukitafakari wiki moja hafi mtu. Je, tukitafakari miaka kumi?"

Waheshimiwa walisimama, wengine wakilia. Hapo Nassibu alielewa kwamba saa yake haitaguswa tena. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kufukuzwa kazi. Tunu alikuwa amelala nyumbani akiegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali anazama kwenye maji yake mwenyewe.

Alimfuata Spika ofisini wakati wa chai.

"Mheshimiwa, samahani. Naomba dakika moja tu."

Spika aliweka kitumbua chini. "Dakika moja? Nassibu ndugu yangu, unajua unachoomba? Ndiyo hiyohiyo iliyobaki nchi nzima. Juzi mheshimiwa mmoja alitaka tusimame dakika moja kuwakumbuka hao wanaosubiri. Nikamwambia, tukiitumia kusimama, tutakaa wapi?"

"Mke wangu anakufa, mheshimiwa."

"Hafi." Spika alisema kwa upole wa kweli kabisa, na huo upole ndio ulioogopesha. "Hujasikia taarifa? Hawezi kufa. Mwambie asubiri na wenzake."

Nassibu alishukuru, maana amelelewa hivyo. Akatoka, akapita kantini, akaingia ukumbini, akaichukua ngazi.

Hakuna aliyemzuia. Watu walikuwa wamezoea kuona visigino vyake vikipanda. Alipofika kwenye kibaraza akakisukuma kile kipande cha shaba kwa kidole kimoja. Kikaenda, kikarudi. Tik-tak ya kwanza ilisikika, na mbunge mmoja aliyekuwa amelala akaamka akauliza ni nini hicho.

Ninyi mnaojua Bunge lenu linavyochukua muda mrefu kupitisha jambo, mngekuwapo mngejifunza. Dakika moja kabla ya kuvunjika, waheshimiwa walikimbilia viti vyao wakikanyagana. Muswada mpya haukuonekana, ulikuwa umefunikwa na sahani. Waziri akanyakua sheria ya zamani, akaongeza neno kwa kalamu, akaisoma kwa mkupuo mmoja. "Wanaokubali?" "Ndiyoooo!" Muhuri ukagonga, saa ikagonga, redio ikarusha vyote viwili kwa pamoja. Ilikuwa Ijumaa. Matengenezo ya tiba yalikuwa yamekamilika, na jambo jipya lilikuwa moja: mgonjwa sasa angekuja na kitanda, pamoja na mto wake.

Na kule hospitali makarani walifungua ukurasa wa Ijumaa. Wote waliokuwa wakisubiri wakaandikwa siku hiyohiyo, mstari baada ya mstari, watu mia tatu na kumi na saba. Mji ukalia kilio kimoja. Nilisema mapema kwamba nchi hii ni ya mbali, lakini kilio cha watu mia tatu kuzikwa siku moja ukikisikia hata mbali hutakula.

Waziri alizungumza redioni, sauti imekauka kwa uchungu. "Siku zote hizo za kutafakari, hakufa mtu. Dakika moja ya haraka, mia tatu na kumi na saba. Aliyeisukuma saa ndiye aliyewaua."

Nassibu alikamatwa akiwa njiani kwenda nyumbani. Askari walimruhusu kupita hospitali kwa kuwa mmoja wao alikuwa na mama kwenye orodha ile na hakuamini maneno ya redio. Tunu alikuwa amekwisha kubebwa na majirani, amewekwa kitandani koridoni. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Wenye zamu ya Ijumaa walikuwa wakiingia kwenye mashine, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nafuu kuliko yeye.

"Jumatatu, baba," Sista Edelina alimnong'oneza Nassibu. "Zamu yake ni Jumatatu. Nitambania maji, nitakesha naye. Saa ikigonga tu Jumapili jioni, ikaingia Jumatatu, namuunganisha wa kwanza. Lakini isizidi hapo. Ukiniuliza kama ataiona Jumanne bila mashine, nitakudanganya."

Tunu alifungua jicho moja, akaziona pingu. "Kumbe ni wewe uliyeisimamisha," alisema.

"Ni mimi."

"Na ni wewe uliyeiwasha."

"Ni mimi, Mama Shani."

"Basi usisimamishe tena," alisema, akalifunga jicho.

Jumapili saa kumi na moja jioni walimtoa rumande wakampeleka Bungeni. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka milangoni. Tangu Ijumaa vifo vilikuwa vimerudi kuwa na tarehe, leo tisa, kesho kumi na mbili, na watu mitaani walikuwa wameanza kuvihesabu kwa sauti. Waheshimiwa hawakupenda hesabu hiyo.

"Nassibu Lwambo," alisema Spika, "Bunge hili lina huruma. Tulikuwa na tiba, wewe ukaimwaga. Tunataka kuirudisha, na tuitafakari hukumu yako bila pupa. Sheria hairuhusu mkono mwingine kuigusa saa. Utapanda, utaisimamisha kabla Jumatatu haijaingia, na utasamehewa vifo vyote mia tatu na kumi na saba."

Pingu zikafunguliwa. Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu. Nassibu alipanda taratibu, ngazi moja baada ya nyingine, na ukumbi mzima ukapanda naye kwa macho. Alifika kwenye kibaraza akakaa, miguu ikining'inia. Kipande cha shaba kilikwenda na kurudi karibu na sikio lake. Kasoro dakika moja.

"Simamisha!" alisema Spika.

Nassibu alinyoosha mkono. Halafu akaurudisha mapajani. Sauti yake haikuwa imewahi kusikika ndani ya ukumbi ule, kwa hiyo wengi hawakujua inatoka wapi.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "jambo hili ni zito. Tulikimbia mara moja tukaangukia kitandani. Naomba muda zaidi wa kutafakari."

Hakuna aliyepiga meza. Spika alipiga kelele, akapiga rungu, akawaita askari, na katika kufanya hayo yote dakika iliisha kama zinavyoisha dakika nyingine. Saa ikagonga mara kumi na mbili juu ya kichwa cha Nassibu, naye akaziba masikio huku machozi yakimtoka. Hospitali, redio ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, Sista Edelina aliandika Jumatatu na kumuunganisha Tunu kwenye mashine kabla mlio haujaisha.

Askari aliyepanda kumkamata alimkuta ameikumbatia saa kwa mikono miwili. Akaikumbuka sheria ya mkono mwingine na kifungo chake, akashuka. Spika akatulia, akafuta jasho, akarudiwa na ile sauti yake ya kuombea mvua.

"Ondoeni ngazi," alisema. "Hatuna haraka."

Iliundwa kamati ya kutafakari namna ya kumshusha. Haijakutana. Nassibu amebaki kwenye kibaraza chake, analala amejikunja, anaitia saa ufunguo siku yake ikifika. Kwa siku kadhaa aliishi kwa sababu Bi Mwamtoro, akijifanya anafagia utando wa buibui, alimpandishia vitumbua na kichupa cha chai kwenye ncha ya ufagio mrefu.

Tunu amesafishwa Jumatatu, amesafishwa Alhamisi, na Jumatatu tena. Uso umerudi wake, na viatu vinaingia. Kila jioni anakaa karibu na redio, anahesabu mlio hadi kumi na mbili, halafu ndipo anapokula.

Jana alihesabu, zikatimia. Akavuta sahani. Baada ya mlio ikasomwa habari ya Bunge, fupi kuliko zote zilizowahi kusomwa katika nchi ile: waheshimiwa wamepitisha, kwa kauli moja, bila mjadala na chini ya dakika moja, sheria ya kupiga marufuku mifagio mirefu. Tunu aliisukuma sahani, akazima redio, akaanza kuhesabu kwa vidole siku ambazo mtu anaweza kukaa bila kula.